Neno Lisilosikika la Sheikha Tafida

Dada yangu Tafida alizikwa hapa mjini Zifta mwezi wa Shawwali, wiki mbili baada ya Idi, na waliomsindikiza hawakujaza hata safu tatu. Mwaka aliofariki mwalimu wake, Sheikh Metwali, maduka yote ya barabara ya mtoni yalifungwa, na kiwanda cha kuchambua pamba kilisimamisha mashine ili wafanyakazi wakamswalie. Najua, kwa sababu nilikuwa mpima mizani kiwandani hapo. Leo kiwanda ni uwanja wa kuegesha magari, na chumba alichosomeshea Sheikh kimekuwa duka la kutengeneza simu. Mlango ni uleule. Nikipita pale hugeuza uso nikaangalia mto.

Tafida alipofuka kwa surua akiwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa na mitano. Tangu alipotimiza sita, kazi yangu ikawa kumshika mkono kila siku baada ya alfajiri kumpeleka kwa Sheikh, kumsubiri kizingitini, na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyefikiria kunisomesha mimi. Mtoto mwenye macho alikuwa wa kazi. Kipofu ndiye aliyepelekwa kuhifadhi Kitabu, maana angalau angepata mkate wake kwa kusoma matangani. Herufi nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa bajia za taamiya, yenye mafuta mpaka unaona upande wa pili. Kitabu nilikipata vipande vipande kupitia mlangoni, kama mtu anayeshiba kwa harufu ya jikoni kwa jirani.

Sheikh Metwali hakujali sana karatasi. Alisema Kitabu hakikuteremka kikiwa karatasi. Kiliteremka kikiwa sauti, kikapokewa na mtu asiyesoma wala kuandika, na kila aliyekipokea baada yake alikaa mbele ya mwalimu, magoti kwa magoti, akamtazama mdomo, akarudia. Ndiyo maana anayehitimu hupewa ijaza, ruhusa ya kusomesha, na ndani yake hutajwa walimu mmoja baada ya mwingine mpaka kwa Mtume, kutoka kwake mpaka kwa Jibrili, na kutoka kwa Jibrili mpaka kwa Mwenyezi Mungu. Silsila ya Sheikh Metwali ilikuwa na majina machache kuliko zote za upande wetu wa mto, na wanaoijua kazi hiyo huithamini silsila fupi kuliko dhahabu, kwa kuwa kila jina linalopungua ni hatua moja karibu na chanzo.

Sasa kuna neno moja ambalo lazima nilieleze, kwa sababu habari yote inalihusu.

Katika sura ya Nabii Yusuf, wana wanamlalamikia baba yao kwamba yeye hawaamini wao. Ndani ya neno lile, kwenye herufi nuni yenye shada ya kukazia, msomaji hukusanya midomo mbele kama anayetaka kupuliza mshumaa, kisha akaiachia, na sauti haibadiliki hata kidogo. Hakuna sikio duniani linaloweza kujua kama umefanya au hukufanya. Huonekana tu. Sheikh alikuwa akisema hiyo ndiyo sehemu ya ufunuo ambayo Mungu hakuwakabidhi masikio, ili watu wasije wakaacha kutazamana.

Tafida alifika mahali hapo akiwa na miaka kumi na mitatu. Sheikh akamsimamisha. Msichana alikuwa amekwisha kuvunja ungo, na yeye hakuwa babake wala mjomba wake.

"Huyu hawezi kuniona, wala siwezi kumwacha anishike uso," alisema. Kisha akapaza sauti: "Wewe wa mlangoni! Unayejifanya unachunga viatu! Njoo hapa."

Nikaingia.

"Nitazame mdomo."

Nilimtazama. Alisoma, midomo ikajikusanya, ikafunguka.

"Fanya."

Nilifanya, nikapigwa kibao cha kichwa. Nilifanya tena, nikapigwa tena. Siku nne mfululizo kichwa kililia. Siku ya tano akasema, "Haya, hiyo ndiyo. Binti, mwekee ndugu yako vidole viwili mdomoni."

Tafida akaweka vidole vyake juu ya midomo yangu, nikasoma neno lile mara kumi.

"Mdomo wako unanuka vitunguu," akasema.

"Ungetaka unuke waridi?"

"Nyamaza usome," akasema Sheikh, lakini alikuwa anacheka.

Ijaza yake Tafida aliipata akiwa na miaka kumi na tisa. Aliposwa na msomaji mmoja wa Mit Ghamr, ng'ambo ya daraja, mtu mwenye sauti nzuri na kilemba kilichopigwa pasi. Tafida alimuuliza swali moja tu: wasichana wangu nitawasomeshea chumba gani? Bwana yule akasema nyumbani kwake hakutakuwa na haja. Tafida akamwomba mama amrudishie sukari na sabuni alizoleta. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka hamsini, alisomesha kwenye sebule yetu ya mbele. Mke wangu alipofariki nilihamia chumba cha nyuma, na kila alasiri nilisikia viatu vidogo vikivuliwa mlangoni. Sijui sauti nyingine iliyonifurahisha zaidi ya hiyo.

Wasichana walikuja mamia. Kila aliyefika kwenye neno lile aliwekewa vidole viwili mdomoni, na wote waliogopa na kucheka kwa wakati mmoja. Lakini kukhitimisha Kitabu kizima kwa masharti ya ijaza ni kazi ya miaka, na maisha hayakuwapa. Huyu aliolewa, yule akapata shule ya Tanta, mwingine akafuata mume nchi za Ghuba. Kisha wakaacha hata kuja. Mtoto wa siku hizi akitaka kujua wahyi, yaani ufunuo, ni nini huiuliza simu, nayo humjibu kabla hajameza mate. Hakuna tena anayekaa miaka mitatu akirekebishwa herufi moja. Tafida alibaki na ijaza aliyoipokea na hakuna hata mmoja aliyempa. Hilo lilimuuma kuliko macho.

Aliyekaribia zaidi alikuwa Basant, binti wa Abdelaal mwoka mikate. Alianza na miaka tisa, kichwa kikali kama wembe, akafika mwisho wa sura ya Hud. Sura inayofuata ni ya Nabii Yusuf. Hakuifikia. Aliolewa, akaenda Kuwaiti, ikapita miaka kumi na moja.

Miaka miwili iliyopita, Jumatatu moja baada ya alasiri, Hikmat mama yake Basant aliingia sebuleni na simu kubwa kama sinia, akaisimamisha juu ya meza kwa kuiegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Sheikha, kuna mtu anataka kukusalimia."

Sauti ikatoka: "Sheikha, ni mimi Basant. Uliniacha kwenye sura ya Hud."

"Mimi ndiye niliyekuacha?" akasema Tafida. "Au wewe ndiye uliyenikimbia na mhandisi wako?"

"Si mhandisi, Sheikha. Ni fundi wa viyoyozi."

"Basi na ubaridi wote huo bado hujatulia! Unataka nini?"

"Nataka kukhitimisha. Nataka ijaza yako."

Tafida aliyapapasa mashavu yake kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Kisha akasema, "Soma."

Basant akasoma. Nilitoka nikaenda kukaa uani.

Hikmat alipoondoka tuligombana, na sisi tukigombana majirani wote walikuwa wakifaidi.

"Unaichezea amana ya Sheikh Metwali," nikamwambia. "Jibrili alipomjia Mtume pangoni hakumsemesha kutoka mbali. Alimkumbatia akambana mpaka nguvu zikamwisha. Mara tatu! Ndipo akamsomesha. Sasa Basant atabanwa na nani? Na betri?"

"Na kabla Jibrili hajafika pangoni, maneno yalikuwa wapi?"

"Mbinguni."

"Mbingu ya saba ni karibu kuliko Kuwaiti, kaka?"

"Usinigeuzie maneno."

"Mtume mwenyewe alisema kuna siku wahyi ulimjia kama mlio wa kengele. Na hii ya Hikmat si inalia kama kengele?"

"Astaghfirullah, Tafida!"

"Astaghfirullah kwetu sote. Lakini nisikilize." Alikuwa ameacha mzaha. "Mimi tangu nipate akili sijaona uso wa mtu. Watu wote kwangu ni sauti inayotoka mahali. Wewe unaona Basant yuko mbali. Mimi nilipomsikia, alikuwa amekaa palepale alipokuwa akikaa."

Nikaenda chumbani kwa hasira.

Basi wakaendelea, wakaanza upya kutoka mwanzo wa Kitabu. Alasiri baada ya alasiri, Hikmat alikuja na simu, kurasa mbili, siku nyingine tatu. Akikosea herufi, Tafida aligonga meza kwa kucha, na kule Kuwaiti Basant alisimama kama aliyeshikwa bega. Mwezi wa saba wakafika kwenye neno lile. Basant akasoma, Tafida akagonga.

"Nimekosea wapi, Sheikha?"

"Sijui kama umekosea. Ndilo tatizo."

"Nimefanya midomo, wallahi nimefanya."

"Nakuamini. Lakini mimi sihukumu kwa kuamini. Vidole vyangu havifiki huko. Pita, tutalirudia mwisho."

Wakapita. Miezi kumi na saba ilipotimia, Kitabu kizima kilikuwa kimesomwa isipokuwa neno moja. Na kufikia hapo, miguu ya Tafida ilikuwa imevimba, pumzi inakatika akitoka chumbani mpaka sebuleni, na daktari wa moyo kule Tanta aliniita pembeni akanieleza yale ambayo madaktari huwaeleza ndugu pembeni. Basant alikuwa na mimba ya miezi minane, ndege zisingempokea. Mpaka ajifungue, mpaka mtoto aweze kusafiri, sote tulijua kuhesabu.

"Kaka," Tafida akaniambia siku hiyo tukirudi kutoka Tanta, "wewe unalijua neno lile. Mtazame Basant kwenye kioo cha simu, uniambie."

"Sitamshuhudia mtu mbele ya Mungu kwa kitu kilichopita ndani ya kioo."

"Hikmat haijui kazi hii. Na hata angeijua, ni mama. Nani mwingine aliyebaki?"

"Hayupo. Wamekufa wote. Ndivyo ninavyokwambia kila siku."

"Basi na mimi nikifa, hiyo silsila nizikwe nayo kama sanda?" Akanibana mkono. "Sheikh akiniuliza nimempa nani, nimwambie sikupata wa kumpa kwa sababu kaka yangu hapendi simu?"

Nikakubali. Nasema ukweli: nilikubali kwa ulimi.

Siku ya kwanza nilivaa miwani, nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Uso wa Basant ulikuwa mnene wa mimba, ushungi wa bluu, macho yana hofu.

"Ami Bayumi, shikamoo. Umezeeka!"

"Na wewe umenenepa. Soma."

Akasoma. Nililisikia neno likipita, nuni ikapita, na midomo ilikuwa bado imetulia. Ikajikusanya baadaye, neno likiwa limekwisha.

"Amechelewa," nikasema.

"Rudia," akasema Tafida.

Akarudia. Amechelewa. Mara ya tano, amechelewa. Siku ya pili vivyo hivyo. Basant alianza kusoma taratibu, kisha haraka, kisha akawa anaanza midomo mapema mpaka nikasema sasa umewahi, na alipojisahihisha nikasema umechelewa. Akalia. Hikmat aliyekuwa anakoroga chai akaacha kijiko kikaanguka.

Mtu aliyezoea simu angeng'amua mara moja. Mimi nilikuwa sijapata kumtazama mtu ndani ya kioo, wala sikuutazama uso wake wote. Nilikuwa nimeuvizia mdomo mahali pamoja tu, kama anayevizia mwizi dirishani. Na lazima niliandike hili pia: kila niliposema amechelewa, nilisikia utamu kifuani. Nilijiona nimethibitisha. Si niliwaambia kwamba haiwezekani?

Siku ya tatu, kabla hajaanza kusoma, Basant alipiga chafya.

Niliisikia chafya, lakini uso uliokuwa mbele yangu ulikuwa umetulia, umefumba mdomo. Kisha, baada ya kitambo cha kufumba na kufumbua jicho, uso ukajikunja ukapiga chafya kimyakimya.

"Alhamdulillahi," ikasema sauti, na midomo ilikuwa bado inapiga chafya.

Nilielewa papo hapo. Picha ilikuwa inakuja nyuma ya sauti. Siku mbili nilikuwa nimemhukumu binti wa watu kwa sauti yake ya sasa na midomo yake ya kitambo kilichopita. Alikuwa sahihi tangu mara ya kwanza.

Sikusema. Alisoma, nikasema amechelewa. Sijui ni nani aliyeutoa ulimi wangu ukasema hivyo. Nilijiambia nataka kuhakikisha kwanza. Uongo. Nilikuwa sitaki kushindwa na kile kioo.

Hikmat alipokwenda zake, Tafida alibaki ameketi, mikono mapajani.

"Labda ni mimi," akasema. "Labda tangu utotoni sikumfundisha kutuliza midomo. Nimemsomesha miaka sita, sikulijua hilo. Ni mwalimu gani mimi?"

Nikamwambia nina kazi chumbani. Nikaenda nikakaa kitandani, nikiwa nimeshika viatu vyangu bila kuvivaa wala kuviweka chini.

Asubuhi nilimwekea maharage yake, nikammenyea yai, nikamkatia mkate vipande vidogo kama anavyopenda. Nikamwambia.

"Basant hajakosea. Picha ya simu inachelewa nyuma ya sauti. Nimejua jana alipopiga chafya."

Akaacha kutafuna. "Jana, kabla hajasoma?"

"Kabla hajasoma."

"Kisha akasoma, ukasema amechelewa."

"Nilisema."

"Na nikakaa pale nikajilaumu, ukanisikia."

"Nilikusikia."

Nilitamani anitukane, Tafida alikuwa anajua kutukana vizuri. Akasema tu, "Bayumi," bila kaka, na akausogeza ule mkate mbali naye. Miaka sabini na zaidi nilimshika mkono, na sidhani nimewahi kumwumiza kama asubuhi ile.

"Nilikuwa na furaha," nikamwambia. "Kila nikimkosoa nilikuwa na furaha. Nilitaka jambo hili lishindikane. Kila kitu chetu kimekwenda, Tafida. Chumba kimekwenda, wasichana wamekwenda, viatu mlangoni vimekwenda. Nikaona wamekuja kuchukua na hili la mwisho, tena kwa simu."

"Wamekuja kulichukua," akasema. "Ndiyo. Nimekaa miaka hamsini nikiomba mtu aje alichukue. Ulidhani nalilinda lisichukuliwe?"

Kisha akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akaupata mkate, akaurudisha.

"Yai hili limeiva kupita kiasi," akasema. "Haya. Tufanyeje?"

Nilikuwa nimefikiri. "Jambo lenyewe halina sauti," nikamwambia. "Kosa langu ni kulisaka kwa sauti. Alasiri tuizime sauti kabisa. Nitafuata midomo peke yake tangu mwanzo wa aya. Naijua aya. Midomo haiwezi kuchelewa nyuma ya midomo."

Alifikiri, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. "Na mimi nitakuwa sisikii kitu."

"Hutasikia kitu."

"Sitakuwa na chochote ila wewe."

"Ndiyo," nikasema.

Alasiri Hikmat akafika. Nikamwomba Basant msamaha kwanza, mbele ya mama yake, nikamweleza habari ya chafya. Akaangua kicheko na machozi pamoja.

"Siku tatu, Ami! Nimeota midomo! Mume wangu ananiuliza kwa nini nambusu hewa!"

"Utanisamehe au hutanisamehe?"

"Nikukatalie, uje uniambie nimechelewa kukusamehe?"

Hata Tafida alicheka.

"Hikmat, zima sauti," nikasema.

"Nizime simu?"

"Sauti tu. Picha iache."

"Sasa utasikia nini, Haji?"

"Zima, mama, Mungu akuweke."

Akabonyeza. Sebule ikanyamaza. Tafida alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa baridi, uso ameuelekeza kwenye simu ambayo kwake ilikuwa sasa haipo. Basant akaanza. Nilisoma naye moyoni, neno kwa neno, nikiitazama midomo kama nilivyomtazama Sheikh Metwali nikiogopa kibao. Wana wakamwita baba yao. Wakaanza kulalamika. Ulimi ukaenda kwenye nuni, na hapo, bila kuwahi wala kuchelewa, midomo ya yule binti ikajikusanya mbele, mizuri, midogo, ikakaa kiasi chake, ikafunguka.

"Ameleta," nikasema.

"Mahali pake?"

"Mahali pake."

"Wallahi, kaka?"

"Wallahi. Kama alivyofanya Sheikh."

Mkono wake ukalegea, lakini hakuwa amemaliza. "Hikmat, rudisha sauti. Basant, soma tena. Sasa ni zamu yangu. Nataka nisisikie kitu."

Basant akasoma, na Tafida akainama kusikiliza kama kuna sauti iliyoteleza ikaingia kwenye neno. Haikuwepo. Neno lilipita safi.

"Sikusikia kitu," akasema, na uso wake uling'aa. "Jicho la kaka na sikio langu ni shahidi mmoja mzima. Binti yangu, nimekuruhusu usome na usomeshe kama nilivyosomeshwa, popote utakapokuwa, na yeyote atakayekujia, kwa njia yoyote atakayokujia. Na ukifika mahali hapa na mwanafunzi wako, usimhurumie."

Kule Kuwaiti hakukusikika kitu ila kilio. Hikmat naye akajifunika uso kwa mtandio. Karatasi ya ijaza niliiandika kesho yake kwa mkono wangu mwenyewe, ikaenda na mpwa wa Abdelaal, lakini ijaza yenyewe ilikuwa ni pale, kwa mdomo.

Desturi ya wasomaji ni kwamba anayekhitimisha haondoki. Huanza tena papo hapo kutoka mwanzo, Fatiha na kurasa za kwanza za sura inayofuata, ili Kitabu kisiwe na mahali pa kuishia. Basant akajifuta uso, akakaa sawa, akaanza. Hikmat alikuwa amekwenda jikoni kuleta sharubati. Jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka kwenye miguu ya Tafida iliyovimba. Niliushika ule mkono wake, nikasikia unakuwa mzito. Nikamtazama. Kichwa kimeegemea kiti, mdomo umefunguka kidogo, pumzi inapanda na kushuka bila taabu. Katika miaka hamsini na zaidi sikuwahi kumwona Tafida akisinzia mbele ya mwanafunzi.

Basant alifika mwisho wa ukurasa, akasimama, akasubiri.

"Sheikha?" akaita. "Nimekosea?"

Niliichukua simu kutoka kwenye bakuli la sukari. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na nilikuwa sijui niishike wapi.

"Hukukosea," nikanong'ona. "Ila punguza sauti kidogo. Sheikha amelala."

"Basi niache, Ami? Niendelee kesho?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

"Nani anasikiliza?"

"Mimi," nikamwambia. "Soma."